Habari za Shule Zifike Nyumbani
Historia fupi ya shule na familia, Nachingwea na Ruangwa



Katika kijitabu hiki tumezoea kuwaombea watoto wetu madawati, mabati, saruji na matundu ya vyoo, na mahitaji hayo bado yapo. Mwaka huu tunaongeza ombi la kitu ambacho hakipigwi picha wala hakizinduliwi kwa utepe: habari. Tunataka mzazi wa Kilimarondo au wa Mandawa ajue mtoto wake anaendeleaje shuleni, shule inataka nini na lini, na nini kitafuata mtoto akimaliza darasa la saba. Kabla ya kueleza namna tutakavyofanya, tumeona vema tukumbushane tulikotoka, kwa sababu suala hili ni la zamani kuliko shule zenyewe.

Jando lilikuwa na mjumbe wake

Kumtoa mtoto nyumbani ili akafundishwe mahali pengine hakukuanza na wamisionari wala Serikali. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde wote walikuwa na jando na unyago. Mvulana aliondoka akakaa na wenzake kambini, na mama yake hakuruhusiwa kusogea huko. Hata hivyo nyumbani hawakukaa gizani. Chakula kilipikwa kijijini kikapelekwa kambini, na waliokipeleka walirudi na neno. Kila mtoto alikuwa na mkubwa wake wa kumwangalia, aliyejulikana kwa jina na kwa ukoo. Likimpata mtoto jambo, ilijulikana nani wa kulileta na nani wa kulipokea. Wazee walikubali kuwatoa watoto wao kwa sababu waliwafahamu waliokuwa wakiwapokea.

Shule ilipokuja ilimchukua mtoto vilevile, lakini haikuja na mjumbe. Mwalimu mara nyingi alikuwa mgeni, lugha ya kazi yake ilikuwa maandishi, na nyumbani hakukuwa na msomaji. Pengo hilo ndilo tunalohangaika nalo hadi leo.

Barua za misheni

Kusini yetu ilipata shule mapema. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza Masasi mwaka 1876, na vijana kadhaa wa huku walipelekwa kusoma Kiungani, Unguja, safari ya miguu na ya jahazi. Mwaka 1888 huko Kiungani likaanzishwa gazeti dogo la Kiswahili, Msimulizi. Gazeti hilo lilibeba habari za chuo na za vituo vya misheni, pamoja na vya kwetu kusini. Kwa kijana aliyeachana na watu wake kwa miaka, kusoma kwamba kwao mvua imenyesha au kanisa limeezekwa lilikuwa jambo kubwa. Wale wachache waliojua kusoma vijijini nao waliweza kupata habari za Kiungani. Huenda huo ndio mfano wa kwanza tulio nao wa shule iliyojitahidi kuandika habari zake kwa Kiswahili ili zisomwe mbali na shuleni.

Wabenediktini nao walifika mwishoni mwa karne ya 19, wakajenga Nyangao na Lukuledi. Vituo hivyo viliharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka 1906 ikaanzishwa Ndanda. Katika sehemu nyingi za huku, kwa miaka mingi, shule ilikuwa ni ya misheni, na mjumbe wake alikuwa katekista au mwalimu wa kijiji. Jumapili baada ya ibada ndipo wazazi waliposikia nani anafanya vizuri, nani ametoroka, nani anatakiwa kurudi. Mzazi Mwislamu, na huku kwetu ni wengi, alikuwa nje ya mduara huo. Ni jambo la kukumbuka kila tunapochagua mahali pa kutangazia mambo ya shule: mahali hapo pawe pa watu wote.

Mmoja wa watoto waliopitia njia hiyo alikuja kuwa Rais. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akaanza shule kwao kisha akaendelea Ndanda na kwingineko. Kwa kila aliyevuka kama yeye, walikuwapo wengi waliobaki njiani.

Shule ya kati na Mradi wa Karanga

Wazee wetu bado wanaitaja shule ya kati. Katika mpango wa elimu wa miaka ya 1950, mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya msingi ya karibu. Akifaulu mtihani, aliingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Shule za kati zilikuwa chache, kwa hiyo nyingi zilikuwa za bweni. Masomo yalichanganywa na kilimo: wanafunzi walilima, walifuga na walijipikia. Mwishoni kulikuwa na mtihani wa darasa la nane, na waliochaguliwa kuendelea na sekondari walikuwa wachache sana.

Wakati huohuo Nachingwea ilikuwa imebadilika ghafla. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mradi wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Pori likafyekwa kwa matrekta, mji ukaota, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa kwa hasara kubwa. Bandari ya Mtwara ilibaki, lakini reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo Nachingwea ina kata iitwayo Stesheni ambayo haina treni.

Tunautaja mradi huo kwa sababu ulileta kazi ya mshahara, ukaleta na hesabu mpya. Baba aliyeona karani akilipwa kwa kalamu alianza kuuliza shule ya kati inampeleka mtoto wapi. Swali lilikuwa zuri, lakini mtu wa kulijibu hakuwapo karibu. Mtoto wa bweni alirudi nyumbani likizo tu, kwa miguu au juu ya lori, na karatasi ya maendeleo mkononi. Kama hapakuwa na msomaji nyumbani, aliyeisoma karatasi hiyo alikuwa mtoto mwenyewe. Hatuhitaji kueleza jinsi mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho anavyoweza kuisoma ripoti yake mbele ya bibi.

Balozi, redio na darasa la jioni

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa haraka. Darasa la nane lilifutwa hatua kwa hatua, elimu ya msingi ikawa ya miaka 7, na jina la shule ya kati likaanza kusahaulika. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya kijiji na si kisiwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba watoto wote waanze shule ifikapo 1977. Operesheni Vijiji ikawaleta watu karibu, na shule zikajengwa hapohapo.

Kwa habari yetu, vitu vitatu vya wakati ule vinastahili kukumbukwa.

Cha kwanza ni balozi wa nyumba kumi. Mwalimu mkuu akiwa na neno, alimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akawaambia mabalozi, na kila balozi akapita nyumba zake. Haikuhitaji karatasi wala betri.

Cha pili ni elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni kubwa za kufuta ujinga zikafuata. Katika vijiji vingi darasa lililokaliwa na watoto asubuhi lilikaliwa na mama zao jioni. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vikundi vikundi kusikiliza, kujadiliana na kuchimba vyoo. Mama aliyejifunza kusoma jioni aliweza kuisoma ripoti ya mwanawe, na pia aliacha kuiogopa shule.

Cha tatu ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, iliyoweka kamati za shule. Mzazi akapata kiti. Hapo shule ilianza kuwa na wajibu wa kujieleza mbele ya kijiji.

Lakini miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Vitabu vilipungua, mishahara ya walimu ilichelewa, na mikutano mingi ya shule ikageuka kuwa mikutano ya michango. Mzazi aliyeitwa shuleni alijua anakwenda kudaiwa, na akaanza kutokwenda. Tabia hiyo haijaisha. Ukitaka kujua kama shule inawasiliana vizuri na wazazi, uliza mara ya mwisho iliwaita kwa jambo lisilohusu fedha.

Ubao wa matangazo na neno "bure"

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002. Ada ya shule za msingi ilifutwa, madarasa yakajaa, na fedha za ruzuku zikaanza kupelekwa shuleni. Pamoja nazo likaja agizo kwamba mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kila mwanakijiji aone. Ilikuwa hatua kubwa. Ubao, hata hivyo, humfaa anayepita mbele yake, anayejua kusoma, na anayejua hesabu ile inamhusu nini.

Kisha zikaja shule za sekondari za kata. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya yake, ilipata sekondari katika kata ambazo zamani mtoto angetembea siku nzima kuitafuta. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, kuanzia awali hadi kidato cha nne.

Hapa neno moja lilileta mkanganyiko. Waraka ulisema elimu bila malipo, na vijijini likasikika "bure". Wapo walioelewa kwamba sasa Serikali itatoa kila kitu. Lakini sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto vilibaki kwa mzazi. Mwalimu alimwona mzazi kuwa mkaidi, na mzazi alimwona mwalimu kuwa mla rushwa. Waraka wa kurasa chache, kama ungeelezwa vizuri chini ya mwembe, ungeokoa ugomvi mwingi.

Kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza

Shule ya kati haipo tena kwa jina, lakini umri wake upo. Ni mtoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Katika umri huo shamba la ufuta linamhitaji, jando au unyago humkuta, na bodaboda inamvuta mvulana. Binti naye huanza kutazamwa kama mtu mzima wakati bado ni mtoto. Tunawapoteza wengi hapa.

Viongozi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wamekemea mara nyingi jambo ambalo sote tunalijua: baadhi ya wazazi kuwaambia watoto wajaze majibu ya makosa katika mtihani wa darasa la saba ili wasichaguliwe. Ni jambo la aibu, na kulikemea ni sawa. Lakini tuulize pia mzazi huyo anajua nini. Anajua kwamba jirani yake aliuza mbuzi wawili mwezi Januari kumpeleka mtoto kidato cha kwanza. Hajui ni kitu gani hasa kinachohitajika, kipi ni cha lazima, na kipi kinaweza kusubiri. Mtu anayeogopa gharama asiyoijua huikuza.

Angalieni na kalenda. Huku kwetu ufuta na mbaazi huuzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba, kwa mnada wa stakabadhi ghalani. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Majina ya waliochaguliwa hutoka Desemba, na fomu ya kujiunga, yenye orodha ya mahitaji, humfikia mzazi wiki chache kabla ya shule kufunguliwa Januari. Kwa hiyo orodha inafika wakati fedha ya ufuta imekwisha zamani na ya korosho imeshaingia kwenye madeni na sikukuu. Mzazi huyo angeipata orodha hiyohiyo mwezi Mei, angenunua viatu na madaftari kwa fedha ya ufuta na Januari ingemkuta amejiandaa. Hapo hakuna fedha mpya iliyotoka popote. Kilichobadilika ni mwezi wa kupewa habari.

Yako mambo mengine ambayo mzazi anatakiwa kuyajua mapema. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, pamoja na mabinti waliopata ujauzito, kurudi katika shule za mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukafuata. Binti ambaye mama yake hajui waraka huo anaolewa. Vilevile Sera ya Elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Njia panda ya darasa la saba inakwenda kufungwa, na kila mtoto atatakiwa kuvuka. Familia inayodhani kwamba mtoto "akimaliza la saba amemaliza" inahitaji kuambiwa sasa, kwa lugha inayoeleweka.

Barua imfikie nani?

Shule huandika "Mzazi/Mlezi wa..." na kumdhania baba. Kwa makabila yetu mengi ukoo huhesabiwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito katika maisha ya mtoto. Tena watoto wengi wanalelewa na bibi, wazazi wakiwa Dar es Salaam, Mtwara au kwenye machimbo. Ripoti ya sekondari mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Inakwenda kwa bibi asiyesoma, anampa mjukuu aisome, na tunarudi palepale pa mtoto wa bweni wa miaka ya 1950.

Simu zimesaidia. Yako makundi ya WhatsApp ambapo mwalimu anatuma tangazo na mzazi aliyeko Kariakoo analiona dakika hiyohiyo. Kwa ndugu walio mbali ni neema, hasa kwetu ambao kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulikatwa na Rufiji kila masika. Lakini kijijini anayebaki na mtoto mara nyingi ana simu ndogo, au hana, au mtandao haushiki. Wenye simu kubwa wakipata habari na wasio nayo wakikosa, tumewaongezea waliokuwa nazo tayari.

Tujihadhari pia na kudhani kwamba habari peke yake inatosha. Mradi wa Uwezo umepita nyumba kwa nyumba Afrika Mashariki, ukiwapima watoto kusoma na kuhesabu na kuwaambia wazazi matokeo palepale. Watafiti waliofuatilia kazi hiyo nchini Kenya walikuta kwamba kumwambia mzazi tu "mtoto wako hajui kusoma" hakukubadili sana matendo yake. Mzazi anahitaji pia kujua afanye nini, amwone nani, na kwamba akienda atasikilizwa. Mjumbe wa jando alileta habari, na nyumbani walijua la kufanya nayo.

Tunachoomba

Kutokana na historia hii, chama chetu kinapendekeza mambo matatu, yote madogo.

Kwanza, mkutano wa Mei. Kila shule tutakayoisaidia iwaite wazazi wa darasa la saba kabla ya mauzo ya ufuta, iwasomee orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza, na iwaeleze nyaraka zinazowahusu watoto wao. Katika mkutano huo hakuna mchango wowote utakaodaiwa. Walimu wa sekondari ya kata waalikwe, wajulikane kwa sura na kwa jina.

Pili, ripoti ya Kiswahili. Karatasi moja kila muhula, yenye maneno machache: mahudhurio, masomo anayoyaweza, yanayomshinda, na jambo moja ambalo nyumbani wanaweza kufanya. Kila mtoto aseme ni nani nyumbani wa kupokea karatasi hiyo, awe baba, mama, mjomba au bibi, na jina hilo liandikwe.

Tatu, mjumbe. Kila kitongoji kiwe na mtu mmoja, aliyekubaliwa na kamati ya shule na serikali ya kijiji, wa kupita kwa familia zisizo na simu au zisizosoma. Atasoma ripoti kwa sauti na kurudisha majibu shuleni. Tunaomba fedha kwa ajili ya baiskeli, karatasi, na posho ndogo ya kumwezesha kuacha shamba lake siku hizo.

Wanachama walioko mjini wanaweza kusaidia hata bila kutoa shilingi. Mpigie bibi anayemlea mtoto wako. Usimuulize tu kama mtoto anakwenda shule, muulize mwalimu wake wa darasa anaitwa nani. Kama hajui, kazi iko hapo.

Wazee wetu walimkabidhi mtoto kwa mtu waliyemjua, na habari zake zikarudi nyumbani. Tunaomba mtuunge mkono ili shule zetu nazo zifike hapo. Fomu ya ahadi imo mwishoni mwa kijitabu. Mtoe kadiri mlivyojaliwa, na Mungu awabariki.